Vidole Vitatu

Usukani wa Dardo ulikuwa na mchezo
wa vidole vitatu. Nilipima.
Vidole vitatu unauzungusha bure,
magurudumu hayana habari,
kisha, kok, ndipo mbele kunaamka.
Austin ya mwaka hamsini, rangi ya maziwa ya jana,
katika mji uitwao Thelathini na Tatu
(ndilo jina lake, msinicheke,
Uruguay hata kituo cha basi kimeandikwa hivyo).

"Gari halina ubovu," alisema. "Lina mazoea."

Agosti. Baridi inauma magoti.
Nikalala chali juu ya katoni la friji,
Zulma mkewe akakaa ndani, koti begani,
akautikisa usukani kama anayepepeta mchele:
kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto.
"Hivi?"
Hivyo hivyo. Usiache.
Huku chini mimi sitazami. Ulegevu hauonekani,
unaguswa. Unaweka kidole kwenye kiungo,
unahamia kingine,
unasubiri kile kitakachokugonga.

Tairodi ya kushoto iligonga.
Ya kulia iligonga zaidi, mpira umechanika,
ndani mchanga wa mto Olimar
na girisi iliyogeuka lami.
Bushi imeliwa upande mmoja
kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea.
Na boksi lenyewe, nilipolifungua, kavu.
Harufu ya sarafu za zamani.

Skrubu nene ya ndani, ile inayobeba kila kona,
nikaiosha kwa dizeli, nikaipeleka dirishani.
Ncha zake mbili zinang'aa kama jana zimetoka kiwandani.
Katikati ndipo palipolika.
Nikakaa nayo mkononi mpaka chai ya mate ikapoa.
Miaka yote nimezilaumu kona,
kumbe kinachokula chuma
ni barabara iliyonyooka:
dukani, kwa daktari, makaburini kwa nduguye, nyumbani,
mbele, mbele, mbele.

Na ukipakaza hapo katikati pakashika sawasawa,
kwenye kona itakwama.
Kwa hiyo unakaza, unazungusha mpaka mwisho, unasikiliza,
unalegeza unywele mmoja,
unakaza tena.

Tairodi mpya zilikuja na basi la usiku kutoka Montevideo
zimefungwa kwenye gazeti la michezo.
Nikafunga, nikatia bushi, nikajaza mafuta mazito.
Vidole vitatu vikawa kimoja. Kikawa nusu.
Nikajivuna, sikatai.

Dardo akavaa kofia, akatoka langoni,
na pale penye barabara iliyopigwa rula
akaanza kuyumba kama mlevi wa harusini,
anakwepa mashimo yasiyokuwepo,
anarudi, anazidisha, anarudi,
mpaka akaling'oa pembe banda la kuku la Etchart.
Akatoka kuku mmoja wa kahawia
kuja kuuliza kulikoni.

Gari lilikuwa zima.
Mikono ndiyo iliyokuwa na mchezo.
Miaka arobaini imezoea kudai vidole vitatu
ndipo ipewe kitu,
na leo kila inachodai inapewa papo hapo.
"Umeniharibia gari," alisema,
na sikuwa na jibu, maana mikono yake ilitetemeka.

Nikafungua boneti. Nikalegeza nati,
bisibisi nyuma kidogo, robo tu ya mzunguko.
Akajaribu. Akasonya. Akasema, "Hapo."
Kidole kimoja na nusu.

Sasa kila Jumamosi, akiwa amelala mchana,
Zulma hufungua pazia la jikoni nusu
na mimi naruka ukuta na bisibisi mfukoni.
Nakaza kiasi cha pumzi.
Juzi alinipita barabarani, ameshika usukani kwa mkono mmoja,
akatoa kichwa dirishani:
"Unaona? Nilikwambia. Ukiliacha, linajirekebisha."